Kuanza Upesi, Kushuka Taratibu

Somo juu ya moto katika nyumba za orofa nyingi

1. Nyumba fupi na nyumba ndefu

Nyumba ya kijijini ina mlango mmoja, na mlango huo uko karibu. Mama akiona moto umeshika nyasi za paa, huwaita watoto, huwashika mikono, na hatua kumi tu zawafikisha uani. Nyumba yaweza kuungua yote, lakini watu wamekwisha kutoka.

Nyumba ndefu za mijini si hivyo. Katika miji mikubwa ya dunia kuna nyumba za biro, au ofisi kama wengine wasemavyo, zenye orofa 20, 50, hata 100. Makarani na wakubwa wao hufanya kazi juu sana, mahali ambapo mtu akitazama dirishani huona motokari za barabarani ndogo kama wadudu. Asubuhi hupandishwa na lifti, yaani chumba kidogo kinachopanda na kushuka kwa nguvu ya umeme. Lakini moto ukiwaka, lifti ya kawaida si njia ya kuokoka. Umeme waweza kukatika, na lifti ikasimama katikati na watu ndani yake. Tena tundu la lifti hupitisha moshi kama bomba la jiko. Kwa hiyo kanuni ya nyumba nyingi ni moja: moto ukiwaka, watu washuke kwa ngazi.

Basi swali ni hili: watu mia nyingi, au elfu nyingi, wahitaji dakika ngapi kushuka ngazi na kufika barabarani? Na moto utawaachia dakika ngapi? Wajenzi na wazima-moto huuliza swali hilo kabla ya nyumba kujengwa, kwa maana katika jibu lake mna uzima au mauti ya watu.

2. Wakati wa kutoka una sehemu tatu

Sehemu ya kwanza ni wakati wa kujua. Moto huanza kidogo, labda katika waya mbovu wa umeme au katika karatasi za chumba cha nyuma. Watu wa orofa nyingine hawaoni kitu wala hawasikii harufu. Mpaka kengele ilie, dakika zinapita.

Sehemu ya pili ni wakati wa kukata shauri. Kengele imelia. Je, watu husimama mara moja na kutoka? Mara nyingi, sivyo. Mmoja husema, «Labda ni kengele mbovu.» Mwingine amalizia barua yake. Wa tatu atafuta koti na mfuko. Wa nne apiga simu kuuliza habari. Wengine hutazamana tu, kila mtu akingoja mwenzake aanze. Hakuna aliyeshuka hata ngazi moja, na moto haungoji.

Sehemu ya tatu ni wakati wa kushuka wenyewe, toka mlango wa biro hata barabarani.

Watu wengi hudhani kwamba sehemu ya tatu peke yake ndiyo yenye maana. Lakini sehemu ya pili ndiyo iliyo mikononi mwa kila mtu. Hakuna awezaye kupanua ngazi siku ya moto; lakini kila mtu aweza kusimama mara asikiapo kengele.

3. Hesabu ya ngazi

Mlango wa kawaida hupitisha kadiri ya mtu mmoja kwa sekunde moja, watu wakienda kwa utaratibu. Darasa lenye wanafunzi 45 na mlango mmoja litakwisha kutoka kwa sekunde 45, yaani chini ya dakika moja. Lakini wanafunzi wakikimbilia mlango wote pamoja, watabanana na kukwama, kama karanga zinazomiminwa kwa nguvu katika shingo ya chupa. Mmoja akianguka, wote hukawia.

Ngazi ni vilevile. Chukua nyumba ya biro yenye orofa 20 juu ya ile ya chini, na katika kila orofa watu 60. Jumla ni watu 1,200. Nyumba ina ngazi 2, na kila ngazi hutoa mtu mmoja kwa sekunde. Basi kila ngazi itachukua watu 600, na itahitaji sekunde 600, yaani dakika 10. Moshi ukijaza ngazi moja, watu wote 1,200 watapita katika ile iliyobaki, nao watahitaji dakika 20.

Hesabu hii yaonyesha jambo moja kubwa. Mtu mwenye mbio kuliko wote hapati faida yoyote, maana mbele yake kuna safu ya watu, naye hawezi kuwaruka. Wakati wa kushuka hukatwa na upana wa ngazi, na hesabu ya watu, na utaratibu wao. Ndiyo sababu ngazi za nyumba ndefu hujengwa ndani ya kuta zisizoshika moto upesi, na milango yake hujifunga yenyewe ili moshi usiingie. Moshi huua watu wengi kuliko ndimi za moto. Mtu akiacha mlango wa ngazi wazi kwa kuweka kitu chini yake, amefungulia moshi njia ya kuwafikia wenzake.

4. Minara miwili ya New York

Katika mji wa New York, Marekani, palikuwa na nyumba mbili za biro zilizoitwa World Trade Center. Zilifunguliwa rasmi mwaka 1973. Kila moja ilikuwa mnara wa orofa 110, na kimo chake kilipita meta 410. Kila mnara ulikuwa na lifti 99, lakini ngazi 3 tu. Ngazi mbili zilikuwa na upana wa santimeta 112 kila moja, na ya tatu santimeta 142. Katika ngazi ya santimeta 112 watu wawili hushuka bega kwa bega kwa shida. Wazima-moto wakipanda na mizigo yao, wanaoshuka hulazimika kujipanga safu moja.

Siku ya 26 Februari 1993 watu waovu walitega bomu katika maegesho ya motokari yaliyokuwa chini ya minara. Bomu lilipasuka, likaua watu 6, na zaidi ya 1,000 waliumia, wengi wao kwa moshi. Umeme ulikatika. Ngazi zikawa giza tupu, na moshi ukapanda ndani yake. Watu walishuka wakipapasa ukuta, hawajui wako orofa gani. Wengine walitumia zaidi ya saa 4 kufika chini. Mtu mmoja asiyeweza kutembea, aliyefanya kazi katika orofa ya 69, alibebwa na wenzake pamoja na kiti chake cha magurudumu. Safari yao ilichukua kadiri ya saa 6.

Wenye nyumba walijifunza. Waliweka ngazini taa zenye betri, ili zisizimike umeme ukikatika. Walipaka ngazi rangi inayong'aa gizani. Waliweka vipaza-sauti, wakachagua katika kila orofa watu wa kuwaongoza wenzao, wakaanza mazoezi ya moto. Walinunua pia viti vyepesi vya kuwateremshia ngazini watu wasioweza kutembea.

Lakini kosa moja lilibaki. Katika mazoezi mengi, watu walikusanyika katika orofa yao, wakaonyeshwa njia, kisha wakarudi mezani. Hawakushuka. Hata siku ya hatari ilipofika, kadiri ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kukanyaga ngazi zile hata mara moja.

5. Siku ya 11 Septemba 2001

Asubuhi ya siku ile, watu waovu waliziteka ndege za abiria. Saa mbili na dakika 46, ndege ya kwanza iligonga mnara wa kaskazini kati ya orofa ya 93 na ya 99. Mafuta ya ndege yakamwagika na kuwaka. Ngazi zote tatu zilikuwa katikati ya nyumba, zikikaribiana, nazo zote zilikatika kwa pigo moja. Watu waliokuwa juu ya orofa ya 91 hawakuwa na njia, wala hakuna aliyeokoka.

Saa hiyo minara yote miwili ilikuwa na watu kadiri ya 17,400. Kumbe siku nyingine ingalikuwa na wengi zaidi, maana kila mnara uliweza kuchukua kadiri ya watu 20,000. Lakini ilikuwa mapema bado, tena ilikuwa siku ya kupiga kura mjini, na wazazi wengine walikuwa wakiwapeleka watoto shule mwanzoni mwa mwaka wa masomo.

Wataalamu wa Marekani walichunguza habari hizo kwa miaka mingi, wakawauliza waliookoka. Waliona kwamba katika mnara wa kaskazini kila mtu alitumia kadiri ya sekunde 48 kushuka orofa moja. Huo ni mwendo wa polepole sana, kadiri ya nusu ya mwendo wa siku ya mazoezi. Ngazini palikuwa na maji na moshi, na watu waliwapisha wagonjwa na wazima-moto.

Sasa hesabu. Mtu wa orofa ya 90 alihitaji 90 mara 48, yaani sekunde 4,320, au dakika 72. Mnara ule ulisimama dakika 102 tangu kugongwa, ukaanguka saa nne na dakika 28. Toa 72 katika 102: zinabaki 30. Basi mtu wa orofa ya 90 aliyekawia zaidi ya nusu saa mezani pake hakuweza kufika chini. Aliyesimama mara moja alifika, tena akapata nafasi ya kwenda mbali na mnara.

Na yule mtu asiyeweza kutembea wa orofa ya 69? Alikuwa pale tena. Mara hii kile kiti chepesi kilikuwa tayari. Wenzake kumi walimteremsha kwa zamu, wakafika chini kwa kadiri ya saa moja na nusu. Mwaka 1993 ilikuwa saa 6. Kiti kimoja kilichonunuliwa mapema, na wenzake wenye moyo, vilimwokoa.

6. Dakika kumi na sita za mnara wa kusini

Mnara wa kusini ulikuwa bado mzima wakati wa kaskazini ulipowaka. Watu wake waliona moto kwa macho yao, ng'ambo ya pili. Wengi walianza kushuka. Ndipo sauti ikasikika katika vipaza-sauti: mnara wa kusini ni salama, watu waweza kurudi katika biro zao.

Aliyesema hivyo hakuwa na nia mbaya. Katika nyumba ndefu, kanuni ya siku zile ilikuwa kuwaondoa kwanza watu wa orofa inayoungua na wa orofa za jirani, na kuwaacha wengine mahali pao, ili ngazi zisijae. Kwa moto mdogo, kanuni hiyo ni njema. Lakini moto wa siku ile haukuwa mdogo, wala hakuna aliyejua kwamba ndege nyingine yaja.

Wengine walirudi mezani. Wengine waliendelea kushuka. Katika mnara huo alikuwamo mtu mmoja jina lake Rick Rescorla. Alizaliwa Uingereza mwaka 1939, akawa askari wa Marekani katika vita vya Vietnam, na baadaye akawa mkubwa wa ulinzi wa kampuni ya fedha ya Morgan Stanley. Baada ya bomu la mwaka 1993 alikata shauri kwamba watu wa kampuni yake watafanya mazoezi kila miezi mitatu, nao watashuka ngazi kwa miguu yao, wakubwa kwa wadogo. Wengine walinung'unika, maana kazi ilisimama na fedha zilipotea. Yeye hakujali manung'uniko.

Siku ile Rescorla hakungoja. Alishika kipaza-sauti chake cha mkononi, akawaambia watu wake washuke, wawili wawili, kwa utulivu. Watu walijua njia, kwa sababu miguu yao ilikuwa imekwisha kuizoea. Walipoogopa, aliwaimbia nyimbo ngazini ili wasikate tamaa. Kampuni yake ilikuwa na watu zaidi ya 2,600 katika mnara ule, na karibu wote waliokoka. Yeye mwenyewe alipanda tena kuwatafuta waliosalia, naye hakurudi.

Saa tatu na dakika 3 ndege ya pili iligonga mnara wa kusini kati ya orofa ya 77 na ya 85. Tangu pigo la kwanza zilikuwa zimepita dakika 16 tu na sekunde chache. Lakini katika dakika hizo, wakati lifti zilipokuwa zikifanya kazi bado, watu kadiri ya 3,000 wa mnara wa kusini waliokoa uzima wao kwa sababu hawakungoja. Ngazi moja tu ilibaki wazi kwa walio juu, na watu 18 walipita humo. Mnara ulisimama dakika 56, ukaanguka saa nne kasoro dakika moja.

Watu waliokufa New York siku ile walikuwa 2,753. Kati yao walikuwamo wazima-moto 343, waliokuwa wakipanda wakati wengine wakishuka. Lakini katika kila watu 100 waliokuwa chini ya orofa zilizogongwa, zaidi ya 99 waliokoka. Wataalamu walihesabu pia kwamba, kama minara ingalijaa watu, kushuka kwao kungalichukua zaidi ya saa 3, na labda watu 14,000 wangalikufa, kwa maana ngazi zisingalitosha.

7. Mambo yaliyobadilika

Kwa sababu ya mambo hayo, kanuni za ujenzi za Marekani zilirekebishwa. Tangu mwaka 2009 kanuni hizo zataka nyumba mpya ya biro inayopita kimo cha meta 128 iwe na ngazi moja ya ziada, au iwe na lifti maalum zilizokingwa na moto na moshi kwa ajili ya kuwateremsha watu. Zataka pia njia za kutokea katika nyumba ndefu ziwe na alama zinazong'aa gizani. Hivyo wajenzi wameongeza upana wa njia. Lakini hakuna fundi awezaye kujenga ndani ya mtu nia ya kusimama mara moja. Hiyo huletwa na mazoezi.

8. Methali mbili

Wazee husema, «Ngoja ngoja huumiza matumbo.» Husema pia, «Haraka haraka haina baraka.» Mtoto aweza kudhani kwamba methali hizi zapingana. Siku ya moto hazipingani, maana kila moja ina mahali pake. Kengele ikilia, kungoja ndiko kunakoua. Basi mtu asimame upesi, aache vitu vyake, atoke. Akiisha kufika ngazini, haraka ndiyo inayoua. Basi ashuke taratibu, ashike upande mmoja, asisukume, amsaidie aliye dhaifu. Mlango aufunge nyuma yake. Akikuta moshi, ainame, maana hewa njema i karibu na sakafu. Akifika nje, aende mahali pa kukutania, ahesabiwe, wala asirudi ndani kwa ajili ya kitu chochote.

Mambo haya hufaa hata katika shule ya orofa moja. Siku mwalimu atakapopiga kengele ya mazoezi, wanafunzi wasicheke wala wasiyahesabu kuwa mchezo. Watu wa Rescorla nao walinung'unika kila miezi mitatu. Lakini mazoezi yale yale waliyoyachoka ndiyo yaliyowashusha salama.

Maneno

Orofa: sakafu ya nyumba iliyo juu ya nyingine.
Karani: mtu wa kazi ya kuandika katika biro.
Kukata shauri: kuamua.
Kupapasa: kutafuta njia kwa mikono, bila kuona.
Kunung'unika: kulalamika kwa sauti ndogo.

Maulizo

1. Kwa nini watu wasitumie lifti ya kawaida wakati wa moto?
2. Taja sehemu tatu za wakati wa kutoka. Ni ipi ambayo kila mtu aweza kuifupisha?
3. Kwa nini mlango wa ngazi usiachwe wazi?
4. Wenye minara waliongeza nini baada ya mwaka 1993? Kosa gani lilibaki?
5. Kwa nini sauti iliwaambia watu wa mnara wa kusini waweza kurudi?
6. Rescorla alifanya nini kabla ya siku ya hatari? Na siku yenyewe?
7. Eleza jinsi methali mbili za mwisho zinavyopatana.

Hesabu

1. Mtu yuko orofa ya 50. Hutumia sekunde 48 kwa kila orofa. Atafika chini baada ya dakika ngapi?
2. Nyumba ina watu 1,800 na ngazi 3. Kila ngazi hutoa mtu mmoja kwa sekunde. Wote watatoka kwa dakika ngapi? Na ngazi moja ikijaa moshi?
3. Hesabuni wanafunzi wa darasa lenu. Tokeni kwa utaratibu, mwalimu akitazama saa. Mmetumia sekunde ngapi? Fanyeni mara ya pili, mkaone kama zimepungua.